Madirisha ya Emacs: yapangie ukubwa, usiyavute kila siku

Kama unaandika msimbo au maandishi marefu ndani ya Emacs, kile kihariri cha maandishi, bila shaka hili limeshakukuta. Umegawa skrini vizuri, msimbo kushoto, maelezo kulia. Unaomba msaada kuhusu amri fulani, na mara mpangilio wote unavurugika: dirisha la msaada limejifungua usipolitaka, la msimbo limebanwa, mistari imekunjwa. Unashika kipanya, unavuta mpaka wa dirisha, unaendelea na kazi. Muda si mrefu linatokea tena.

Emacs ndiyo chombo changu cha kazi cha kila siku, na kila anayeniuliza kuhusu jambo hili namwambia vilevile: usipoteze nguvu kurekebisha madirisha yakishafunguka. Iambie Emacs mapema kila aina ya dirisha likae wapi na liwe na ukubwa gani. Karibu kila tabia ya kihariri hiki imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lisp, nawe unaruhusiwa kuibadilisha. Ruhusa hiyo ni hazina, na inasikitisha kuona watu wanaitumia kubadilisha rangi tu.

Kwanza tuelewane. Kile ambacho kompyuta yako inakiita dirisha, chenye kitufe cha kufungia pembeni, Emacs inakiita fremu. Dirisha kwa Emacs ni kipande ndani ya fremu hiyo. Ukubwa wa fremu hupangwa kwa njia moja, ukubwa wa madirisha kwa njia nyingine kabisa. Anayechanganya haya mawili atahariri faili lake la mipangilio siku nzima asione badiliko lolote.

Fremu ni rahisi, nitaipitia haraka. Tangu toleo la 27, Emacs husoma faili liitwalo early-init.el kabla ya kuchora fremu ya kwanza. Weka vipimo humo, fremu itafunguka moja kwa moja na ukubwa unaoutaka badala ya kufunguka ndogo kisha kutanuka mbele ya macho yako:

```
(add-to-list 'default-frame-alist '(width . 170))
(add-to-list 'default-frame-alist '(height . 48))
(setq frame-resize-pixelwise t
      frame-inhibit-implied-resize t)
```

Namba hizo ni safu na mistari ya herufi, si pikseli, kwa hiyo ukikuza fonti, safu 170 zitadai nafasi kubwa zaidi kwenye skrini. Mpangilio wa tatu unaruhusu fremu kukaa kwenye ukubwa wowote badala ya kuruka herufi nzima nzima. Bila huo, fremu iliyotanuliwa yote inaweza kuacha ufa pembeni. Wa nne unaizuia fremu kujipanua au kujipunguza yenyewe unapobadilisha fonti. Unayetumia emacsclient (amri ya kufungua fremu mpya kwenye Emacs ambayo tayari inaendesha), hakikisha umeandika default-frame-alist, maana initial-frame-alist huigusa fremu ya kwanza peke yake. Na kama mfumo wako hupanga madirisha yote kwa vigae, vipimo hivi havitakusaidia sana: mfumo ndio unaoamua.

Kazi yenyewe iko ndani ya fremu.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize maandishi unayoyasoma yana upana gani. Watu wengi hugawa skrini nusu kwa nusu kwa sababu C-x 3 (yaani Ctrl pamoja na x, kisha 3) hufanya hivyo, wakaishi na nusu hizo miaka na miaka. Msimbo mwingi duniani bado unaandikwa ndani ya safu 80. Desturi hiyo imetoka mbali: kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928 zilikuwa na safu 80, na terminali kama VT100 ya mwaka 1978 zikafuata kipimo hichohicho, safu 80 kwa mistari 24. Basi dirisha la msimbo lenye safu 85 au 90 linatosha kabisa. Likiwa na 120, hizo za ziada ni weupe mtupu ambao dirisha la jirani lingeufurahia.

Ujue dirisha lako lina safu ngapi sasa hivi. Bonyeza M-: (yaani Alt pamoja na nukta mbili), andika (window-body-width), kisha Enter. Jibu linatokea chini ya skrini. Fanya hivyo kwenye kila dirisha unalolitumia kwa kawaida, kwa sababu usipokuwa na namba utakuwa unakisia. Jambo moja la kuangalia: ukiwa umewasha namba za mistari, safu zinazobeba namba hizo zimo ndani ya hesabu hiyo. Ziongeze kwenye upana unaoutaka.

Ukishaijua namba yako, iandikie amri:

```
(defun dirisha-la-msimbo ()
  "Lipe dirisha hili upana wa safu 90."
  (interactive)
  (enlarge-window-horizontally
   (- 90 (window-body-width))))
```

Mstari wa mwisho unatoa upana wa sasa kutoka 90. Dirisha likiwa na safu 70, litaongezewa 20. Likiwa na 110, jibu ni hasi 20, nalo litapunguzwa. Inahitaji dirisha jirani upande wa kushoto au kulia, maana safu hizo lazima zitoke mahali au ziende mahali. Iunganishe na kitufe unachokipenda. Naipenda amri hii ndogo kuliko vifurushi vingi vikubwa, kwa sababu kila neno lililomo unalielewa, na siku ukitaka 100 badala ya 90 unajua pa kugusa.

Sasa tuje kwenye madirisha yanayojifungua yenyewe, ambayo ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi. Unapoomba msaada, kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) au kutafuta neno kwenye mafaili, Emacs inalazimika kuamua matokeo yatokee wapi. Ikiamua kukata dirisha, hufuata kanuni. Katika Emacs 29, kwa mfano, kwanza huangalia kama dirisha lina mistari 80 au zaidi. Likiwa nayo, hulikata juu na chini. Likikosa, huangalia kama lina safu 160 au zaidi. Likiwa nazo, hulikata ubavu kwa ubavu. Likikosa vyote, na likiwa dirisha pekee kwenye fremu, hulikata juu na chini hivyo hivyo. Ndiyo maana Emacs ileile hufanya hivi kwenye skrini pana na vile kwenye kompyuta ya mapajani, na mtu akadhani imeharibika. Namba hizo mbili zimo ndani ya split-height-threshold na split-width-threshold. Kama unapenda madirisha yakae ubavu kwa ubavu kila inapowezekana, ipe ya kwanza thamani nil (yaani hapana, kama vile t ni ndiyo) na ya pili ishushe mpaka mara mbili ya upana unaoweza kuuvumilia.

Lakini namba hizo ni za jumla, na mimi sitaki matokeo ya kukompaili yakae sawa na ukurasa wa msaada. Matokeo ya kukompaili ni mistari mirefu na michache, yanataka dirisha pana na fupi chini. Ukurasa wa msaada ni aya, unataka wembamba na urefu. Hapo ndipo display-buffer-alist inapoingia. Ilikuja na Emacs 24, na naamini ndiyo mpangilio wenye thamani kubwa kuliko yote katika habari hii. Watu huukwepa kwa sababu mwongozo wake ni mrefu na mkavu, ilhali mifano miwili inatosha kuanza:

```
(setq display-buffer-alist
 '(("\\*compilation\\*"
    (display-buffer-reuse-window
     display-buffer-in-side-window)
    (side . bottom)
    (window-height . 0.25))
   ("\\*Help\\*"
    (display-buffer-reuse-window
     display-buffer-in-side-window)
    (side . right)
    (window-width . 80))))
```

Isome polepole. Kila kanuni inaanza na jina la bafa, yaani maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Emacs. Zinafuata njia za kulionyesha, zikijaribiwa kwa zamu: kama bafa tayari lina dirisha, litumike hilohilo, kama halina, lifunguliwe dirisha la pembeni. Kisha upande, kisha ukubwa. Ukubwa wenye desimali ni sehemu ya fremu, kwa hiyo 0.25 ni robo ya urefu wake. Namba kamili ni idadi ya mistari au safu. Kwa madirisha ya chini natumia sehemu, kwa sababu robo ni robo kwenye skrini yoyote. Kwa yale ya kulia natumia safu kamili, kwa kuwa aya haijali skrini yako ni kubwa kiasi gani. Unaweza hata kuweka jina la fit-window-to-buffer mahali pa namba ya urefu, na dirisha litajipima kulingana na maandishi yaliyomo.

Dirisha la pembeni lina masharti yake: huwezi kulikata, wala huwezi kulifanya liwe dirisha pekee kwa C-x 1. Wengine huudhika. Mimi nayaona masharti hayo kuwa ulinzi, maana dirisha la matokeo halina sababu ya kutawala fremu nzima. Ukihitaji nafasi, amri ya window-toggle-side-windows huyaficha yote ya pembeni na kuyarudisha.

Kuna mipangilio miwili ambayo ningemshauri kila mtu aibadilishe leo. Wa kwanza ni even-window-sizes, uupe nil. Ukiwa umewashwa, na huo ndio uchaguzi wa awali, Emacs ikitaka kuonyesha kitu kwenye dirisha la jirani lililo dogo kuliko ulilomo, inaweza kuyasawazisha yote mawili, na vipimo vyako vikapotea. Wa pili ni window-combination-resize, uupe t. Chukua fremu ya safu 180 hivi. Ukibonyeza C-x 3 unapata 90 na 90. Ukibonyeza tena, unapata takriban 45, 45 na 90, kwa sababu aliyekatwa ni mmoja tu. Mpangilio huu ukiwa t, unapata 60, 60 na 60: kila dirisha limechangia.

Yatabaki marekebisho madogo ya mkono, na hayo yasikusumbue. C-x ^ hurefusha dirisha kwa mstari mmoja, C-x } hulipanua kwa safu moja, C-x { hulipunguza. Ukiwasha repeat-mode, iliyokuja na toleo la 28, unabonyeza C-x mara moja tu, kisha } } } mpaka uridhike. Washa pia winner-mode, ili mpangilio ukivurugika C-c pamoja na mshale wa kushoto ikurudishe ulipokuwa.

Mwisho, ukiandika kanuni kwenye display-buffer-alist ukaona haitii, angalia mpangilio wa kanuni zenyewe. Emacs huzisoma kutoka juu, na vipengele vya kanuni ya kwanza inayolingana na jina la bafa ndivyo hupewa kipaumbele. Kanuni pana kama "\\*.*\\*" ikikaa juu, zile mahususi zilizo chini yake hazitafua dafu. Zipandishe mahususi, pana ishuke, kisha ufunge lile dirisha na kulifungua upya, kwa sababu lililokwisha kuwa wazi litaendelea kutumiwa lilivyo.