Visu 27 na mifuko miwili: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Barua yako imefika, pamoja na picha ya visu ulivyovipanga kitandani. Umeniuliza: "Baba, nina visu 27 vya kukunja, nahamia chumba kimoja Ntinda, Kampala, na nataka nibaki na vitatu au vinne. Nianzie wapi?" Nitakujibu kwa urefu, maana ukikosea mwanzo utagawa kilicho kizuri ubaki na kinachong'aa.

Usianze na unavyovipenda. Anza na vibovu, kwa sababu kisu kibovu hakina nafasi hata kama ni kizuri kwa macho.

Keti mezani mchana penye mwanga. Shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine shika bapa la kisu upande wa mgongo, kisha litikise kushoto na kulia. Likicheza, kiungo kinacholishika kwenye mpini kimelegea. Kama ni skrubu, ikaze kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, halafu ujaribu tena. Ukipitiliza, bapa linakuwa zito kufunguka. Kama ni ribiti, yaani msumari uliopigwa vichwa pande zote mbili, laza kichwa chake kimoja juu ya chuma kigumu na ugonge kile cha pili kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi, ukijaribu kila baada ya mawili au matatu. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaiweza kazi hiyo, ila simama karibu: pigo moja zito linapasua mpini wa mfupa.

Bapa likicheza juu na chini, hilo ni jambo jingine. Hapo loki yenyewe, yaani kizuizi kinacholizuia bapa lisijifunge, imelika, na kukaza hakusaidii.

Kabla ya kuihukumu loki, safisha kwanza. Vumbi jekundu la barabara zetu likichanganyika na mafuta ya zamani linakuwa kama msasa laini ndani ya kiungo, na uchafu mdogo tu kwenye uso wa loki unaifanya iteleze. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Fungua na kufunga mara 20 ndani ya maji hayo, suuza, kausha kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Tone moja, si matatu. Mafuta ya ziada ndiyo yanayokaribisha vumbi jingine. Mafuta ya kupikia usiyaache humo, yakikaa yanageuka gundi.

Sasa pima. Shika mpini ubavuni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu juu ya ubao, mara tano au sita. Bapa likijifunga hata mara moja, kisu hicho kimeanguka mtihani. Kwa vile visu vyako vya Kichina vyenye kibati cha ndani kinachosukumwa kwa kidole gumba, tazama pia kibati kinasimama wapi bapa likiwa wazi. Kinatakiwa kukanyaga mzizi wa bapa, yaani mwisho wake ulio kwenye kiungo, tangu theluthi moja ya upana wake hadi nusu hivi. Kikiwa kimevuka hadi ukuta wa upande wa pili, kimekwisha. Kwenye picha yako naona visu kama 14 vya aina hiyo. Nitashangaa vikifaulu zaidi ya vinne.

Vile visivyo na loki, kama zile Victorinox zako za Uswisi za milimita 91, vinashikwa na springi ya mgongoni peke yake. Sikiliza: bapa linapofunguka lazima lilie "ta!" na kusimama. Likiingia kimyakimya kama mlango uliochoka, ama kuna uchafu ama springi imelegea. Halafu lifunge na upitishe kidole juu ya mpini. Ncha ikichungulia nje, itakukata mfukoni. Na ukiona kila mara sehemu ileile ya makali inabutuka, katikati ya bapa, jua linapofungwa linagonga springi ndani; lisindikize kwa mkono, usiliache lijifunge lenyewe.

Baada ya hapo nadhani utabaki na visu 12 au 13. Hapa ndipo kazi ilipo.

Vipange kwa kazi, si kwa kampuni. Una Victorinox tatu za aina ya Spartan, nyekundu, nyeusi na bluu. Hizo ni kisu kimoja mara tatu: mabapa mawili, vifungulio vya kopo na chupa vyenye bisibisi nchani, sindano ya kutobolea, na kizibuo mgongoni. Baki na moja, au hata moja usibaki nayo, kwa sababu una Tinker pia, Victorinox nyingine, ambayo mahali pa kizibuo ina bisibisi ya msalaba. Kwa mtu anayefungua soketi, redio na vifuniko vya betri, Tinker inashinda. Kizibuo kina utetezi wake: kinalegeza fundo la kamba lililokaza, na ndani yake unaweza kuzungushia kile kibisibisi kidogo cha skrubu za miwani. Wewe huvai miwani. Chukua Tinker.

Ile Victorinox aina ya Huntsman ina msumeno na mkasi, na najua unaionea fahari. Lakini ina karibu gramu 100, wakati Tinker ina kama 60, na tofauti hiyo utaihisi mfukoni mwa suruali kabla ya saa sita mchana. Jiulize swali moja: mwezi uliopita msumeno umekata nini? Kama jibu ni hakuna, mpe mtu mwenye shamba.

Kabla ya kuamini jina, tazama mzizi wa bapa kubwa. Victorinox ya kweli imechongwa jina lake na nchi yake kwa herufi safi. Katika zinazouzwa soko la Owino zimo za kuiga: vifaa vyake vimeachana kiasi cha kupitisha mwanga, na mkasi unatafuna karatasi badala ya kuikata. Kampuni yenyewe ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, Uswisi, na kisu cha maofisa kilisajiliwa tarehe 12 Juni 1897. Feleji yake, yaani chuma cha bapa, ni laini kidogo, kwa makusudi. Inabutuka mapema, lakini dakika tano kwenye kinoo cha kawaida zinairudisha.

Hilo la feleji lisikilize vizuri, kwa sababu wewe unaishi karibu na ziwa na unakula matunda kila siku.

Feleji ya kaboni, kama ile ya visu vyako vya Opinel viwili kati ya vinne, ya kile cha Douk-Douk na ya vile vya Okapi, inanoleka haraka na makali yake ni matamu. Lakini haina kinga ya kutu. Kinga hiyo inatoka kwenye kromiamu, na feleji za visu zisizoshika kutu kwa kawaida huwa nayo kama asilimia 13 au zaidi. Ukikata limau, nanasi au embe kwa bapa la kaboni ukaliacha bila kupangusa hadi umalize kula, utakuta madoa ya kijivu na bluu. Utomvu wa matoke unalifanya jeusi kabisa. Weusi huo si ugonjwa. Ni ngozi inayopunguza kasi ya kutu, usiusugue. Ubaya ni wekundu. Ukiona chembe nyekundu, isugue siku hiyohiyo kwa msasa wa maji namba 1000 uliotiwa mafuta, ukifuata urefu wa bapa. Ukisubiri wiki mbili za mvua, inachimba shimo, na shimo likifika kwenye makali hutalimaliza ila kwa kunoa hadi ulipite.

Kwa fenesi, sheria ni moja kwa feleji zote: paka bapa mafuta ya kupikia kabla hujakata. Ulimbo ukiganda, maji hayauondoi. Futa kwa mafuta tena, kisha sabuni.

Opinel una nne. Kampuni hiyo ya Savoie, Ufaransa, ilianza mwaka 1890, na ile pete inayozunguka kulifungia bapa iliongezwa mwaka 1955. Kati ya zako, namba 8 ndiyo saizi ya mkono wa mtu mzima: bapa la sentimita 8.5, na kisu chote hakifiki gramu 50. Namba 12 ni kubwa kwa mfuko, namba 6 ni ndogo kwa embe. Una namba 8 mbili, moja ya kaboni na moja iliyoandikwa Inox, yaani isiyoshika kutu. Mtu anayepangusa kisu kila anapokitumia ningemwambia achukue ya kaboni bila kusita. Wewe hupangusi, mwanangu. Chukua Inox.

Jambo moja litakusumbua: mpini wa mti wa biichi unavimba msimu wa mvua na bapa linakwama. Usilivute kwa koleo. Gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, ncha ya bapa itachomoza kiasi cha kushikika. Kisha uache mpini ukauke kivulini kwa siku kadhaa. Jua kali linaupasua.

Unene wa bapa nao uupime, kwa kuwa ndio unaowadanganya wengi. Chukua kiazi kitamu kibichi, kinene, ukate vipande kwa kila kisu kilichobaki. Bapa jembamba kama la Opinel linapita kimya. Bapa la milimita 3 au 4 linaingia nusu, halafu kiazi kinapasuka chenyewe kwa kelele. Hilo halikati, linachanja kuni. Vingi vya vile vyenye sura ya kijeshi vitaondokea hapa, hata vile ambavyo loki yake ni nzuri. Ila kabla ya jaribio vinoe vyote sawa, usije ukalaumu bapa kwa kosa la kinoo. Kwa bapa la upana wa sentimita 2, inua mgongo milimita 6 kutoka kwenye jiwe; hapo una kama digrii 17. Noa upande mmoja hadi uhisi kwa kidole gumba ukingo mdogo wa chuma uliojikunja upande wa pili, urefu wote wa bapa, ndipo ugeuze. Wengi hugeuza kabla ya ukingo huo kutokea, na kisu kinabaki butu hata wakinoa saa nzima. Malizia kwa kuburuta bapa kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi, mara kumi kila upande.

Okapi nayo umeuliza kwa jina. Jina hilo ni la mnyama wa misitu ya Kongo, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1901 kupitia Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa Uganda. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la Afrika, na tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha kazi: bapa refu la kaboni, pete ya kuvuta ili kuachia loki, bei ya mtu wa kawaida. Baki na moja kati ya mbili zako, ile ambayo meno ya loki hayajachakaa, lakini iache kwenye sanduku la vifaa. Sura yake ni ndefu na kali, na askari mlangoni mwa maduka ya Kampala atakuzuia, naye atakuwa na haki. Na ukisafiri kwa ndege kupitia Entebbe, kisu chochote kile, hata kidogo, kiingie kwenye mzigo unaokabidhiwa, si begi la mkononi.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: Tinker mfukoni, Opinel namba 8 Inox kwenye begi la chakula, Okapi nyumbani. Lakini usivigawe vingine mara moja. Vitie kwenye kopo la bati pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitie kwenye ala za ngozi, kwani ngozi inashika unyevu na inaozesha bapa. Kaa na hivyo vitatu wiki sita. Kisu utakachokwenda kukifukua koponi kwa kazi halisi, mara mbili au zaidi, hicho ndicho cha nne.

Vilivyofaulu mtihani, gawa. Vilivyoanguka kwa loki usimpe mtu, hata bure, hata akiomba. Bapa likijifunga juu ya vidole vyake, ulijua. Vifungue, chukua skrubu zinazofaa, na bapa lizungushie utepe mnene wa gundi kabla ya kulitupa, maana wanaookota taka wanaingiza mikono.

Kile cha babu yako chenye mpini wa pembe hukukiandika kwenye orodha, lakini nimekiona pembeni mwa picha. Hicho hakimo kwenye hesabu. Usikinoe kwa jiwe jipya wala usigonge ribiti yake. Kipake mafuta, kifunge kwa kitambaa cha pamba, na ukija sikukuu njoo nacho. Kinoo kipo, na mafuta ya cherehani nimenunua.

Baba yako