Paketi ya ORS na mlango ambao kipindupindu hakiufungi

Masika yakikolea, maji ya vyooni na ya visima vifupi huanza kukutana chini ya ardhi, na Unguja na Pemba huwa ni msimu wa watu kuharisha. Kipindupindu kiliripotiwa visiwani mara ya kwanza mwaka 1978 na kimerudi mara nyingi tangu hapo. Paketi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji akanywa anayeharisha, kwa kawaida hazikosekani. Tatizo ni kwamba huchanganywa ovyo, au huachwa baada ya saa mbili kwa maneno yale yale: "Nimempa, na bado anaharisha."

Ili uone kosa liko wapi, ingia kwanza ndani ya utumbo mwembamba. Ukuta wake si laini. Umejaa vijinyama vilivyosimama mfano wa nyuzi za taulo, kila kimoja kina urefu wa nusu milimita hadi milimita moja, na kila kimoja kimefunikwa kwa safu moja tu ya seli. Baina ya vijinyama hivyo mna vishimo. Seli mpya huzaliwa humo shimoni, hupanda taratibu kuelekea kileleni, na baada ya siku 3 hadi 5 hupukutika na kutoka na choo. Kwa hiyo ngozi hii ya ndani hujivua na kujivika upya kila wiki, bila mwenyewe kujua.

Kazi zimegawanywa. Seli za shimoni humwaga maji, za kileleni huyafyonza. Kwa mtu mzima mwenye afya, utumbo hupokea lita 8 hadi 9 kwa siku: kama 2 za kunywa na kula, zilizobaki ni mate, maji ya tumboni, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Choo hutoka na mililita 100 hadi 200 tu. Hesabu hiyo ikiyumba kidogo, mtu anaharisha.

Kipindupindu huiyumbisha bila kutoboa kitu. Bakteria hukaa juu ya ukuta na kutoa sumu, sumu ikaingia ndani ya seli na kukwamisha swichi upande wa "washa". Seli za shimoni zinatema kloraidi mfululizo, sodiamu (mwenzake ndani ya chumvi) na maji vinaifuata. Za kileleni nazo zinaacha kupokea chumvi ya kawaida. Ndiyo maana choo huwa kama maji yaliyooshewa mchele, na mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Hata hivyo seli zenyewe bado ni nzima, na mlango mmoja umebaki wazi. Mlango huo hupitisha sodiamu na glukosi, yaani sukari nyepesi, zikiwa pamoja, chembe mbili za sodiamu kwa moja ya glukosi, na zikipita maji yanafuata. Mwanasayansi Robert Crane ndiye aliyeueleza, mjini Prague mwaka 1960. Ukimpa mgonjwa maji matupu, hayana wa kuyavuta. Chumvi peke yake inagota mlangoni, na sukari peke yake haina mwenzake wa kuingia naye.

Basi vipimo vya paketi si mapambo. Fomula inayotumika sasa, kwa lita 1 ya maji, ni gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za potasiamu kloraidi na 2.9 za sitreti, na sodiamu na glukosi hapo zinalingana chembe kwa chembe. Kosa linaloonekana sana ni la chupa: paketi ya lita 1 inamiminwa kwenye chupa kubwa ya dukani, ambayo ni ya lita 1 na nusu, ikajazwa hadi shingoni. Dawa imepungua nguvu kwa theluthi nzima. Tumia chupa mbili za nusu lita, zimimine kwenye jagi safi, kisha tia paketi yote. Soma pia maandishi, kwani ziko paketi ndogo za mililita 200 au 500. Maji yachemshwe kwanza yakapoa. Ukishachanganya usichemshe tena. Yakipita saa 24, mwaga.

Kugawa paketi nusu nusu "ili isiishe" ni kubahatisha, maana huwezi kujua chumvi imeangukia nusu ipi.

Ukikosa paketi usiku, chukua lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, vimekatwa juu kwa mgongo wa kisu. Chumvi ya mawe itwange kwanza, kwani ikiwa na mabonge kijiko hakisemi kweli. Onja: isizidi ukali wa machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, kwa sababu chumvi nyingi kwa mtoto mchanga inaweza kuleta degedege.

Na madafu? Watu wa pwani hatuambiwi kitu juu ya madafu. Yana potasiamu ya kutosha lakini sodiamu yake ni ndogo, na sodiamu ndiyo inayopotea kwa wingi. Mtu anaweza kuyanywa juu ya ORS, yasishike nafasi yake. Soda ni mbaya zaidi: ina sukari kama gramu 100 kwa lita na chumvi karibu hakuna, na sukari yote hiyo huyavuta maji kutoka mwilini kurudi utumboni. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo unafaa, maana wanga wake huachia glukosi polepole.

Kila baada ya choo cha maji, mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko kimoja kimoja kila dakika mbili au tatu. ORS haizimi ile swichi iliyokwama. Inarudisha kinachopotea mpaka seli zenye sumu zipukutike zenyewe, basi usiiache kwa sababu choo bado kinatoka.

Mpeleke hospitali upesi akiwa na macho yaliyozama, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, hakojoi, amelegea hawezi kunywa, au choo kina damu. Damu maana yake seli zinabomolewa hasa, mara nyingi na bakteria waitwao shigela, na huyo anahitaji daktari amwandikie dawa. Dawa za kufunga choo asipewe mtoto hata kidogo.

Virusi vya rota navyo vina mwendo wao: huua seli za kileleni, zile zenye kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Kwa hiyo mtoto anaweza kujaa gesi na kuharisha zaidi akipewa maziwa ya ng'ombe kwa siku kadhaa, mpaka seli mpya zipande. Ziwa la mama lisikatishwe, na chakula kiendelee, maana seli zinajengwa kwa hicho hicho.

Kazi hiyo ya kujenga ndiyo inayosaidiwa na zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, kidonge kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya tatu, mtoto akishaanza kucheza. Vidonge vilivyobaki vimalizwe.