Ukiokota kalunguyeye yuko hoi, usikimbilie kumlisha

Kalunguyeye (yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja duara akiogopa) ukimkuta anazurura mchana jua kali ujue huyo anaumwa, maana ni mnyama wa usiku. Wetu tulimtoa mdomoni mwa mbwa wa jirani hapa Dodoma, mguu wa nyuma umechanika, amekonda mpaka shingo imebonyea, na hata kujikunja hawezi.

Nyumbani kila mtu mpe maziwa, mpe maziwa. Jamani maziwa ya ng'ombe hapana, yatamharisha na hana nguvu ya kuharisha. Mguse tumbo (vaa glavu), likiwa la baridi joto kwanza: boksi, kitambaa, chupa ya maji ya moto umeizungushia kanga, na uache upande mmoja wazi asogee akisikia joto limezidi. Akichangamka ndo maji sasa, ORS ya duka la dawa kwa bomba lisilo na sindano, tone moja moja alambe mwenyewe, ukimsukumia yanaingia kwenye mapafu. Chakula baadaye na kidogo kidogo, mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishtukizwa na sahani nzima moyo unaweza kugoma. Huyu alianza na chakula cha paka cha kopo, aisee bei yake nayo.

Kidonda osha kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa. Halafu chukua tochi kagua katikati ya miiba na masikioni, mayai ya nzi yako kama vipunje vya mchele, toa yote kwa kibanio, yakianguliwa hao funza watamla mzima mzima. Antibayotiki mwachie daktari wa mifugo, usimgawie vidonge vyako.

Alivyopata nafuu akanusa sabuni mkononi kwa shemeji, mara povu linamtoka anajipaka mgongoni, watu mbio, kichaa cha mbwa hicho! Wala, ndo zao wakikutana na harufu ngeni. Ila akikung'ata osha kwa maji na sabuni dakika 15 uende hospitali, hapo hakuna utani.

Na mpigie afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyo hiyo, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa. Wa kwetu afisa ndo aliamua aachiwe wapi na lini, alisubiri uzito upande kwenye mzani wa jikoni na akiguswa ajikunje duara kamili, tukamwachia jioni, mbali na mbwa.