Re: Baiskeli alfajiri Njombe, nivae nini?

Mkuu, umeuliza kama jaketi zito linafaa kwa baiskeli saa kumi na mbili asubuhi, Njombe, mwezi Julai. Kwa vilima vile, hapana. Ukipanda utaloa jasho, ukianza kushuka upepo unalipoza mgongoni, hapo ndipo utatetemeka hasa. Ndani vaa fulana ya poliesta inayobana, jezi ya mpira inatosha. Pamba inanyonya jasho na kukaa nalo. Juu sweta jepesi, halafu kikoti cha kuzuia upepo chenye zipu: fungua ukipanda, funga kabla ya mteremko. Ukitoka nyumbani unahisi kibaridi kidogo, umevaa sawa. Glovu usiache kabisa, vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki. Na gazeti kifuani chini ya kikoti linazuia upepo, usicheke.