Usichape barua kabla ya kikao

Wadogo zangu mnaoanza kazi idara ya rasilimali watu (HR), mafaili ya nidhamu mnayoniletea yananisikitisha, maana kosa ni lile lile kila msimu wa ajira mpya. Wito asubuhi, kikao mchana, barua ya kusitisha ajira jioni. Mameneja wanawasifu kwa kasi hiyo, hadi siku faili linapofika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi.

1. Saa 48 si urasimu. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa hizo, aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na mwenyekiti awe mtu ambaye hakuhusika na tukio. Hayo mmeyasoma chuoni. Ngoja niwaeleze nilichokiona.

Kampuni moja ya usambazaji, Dar es Salaam, iliniomba niandike muhtasari wa kikao. Mtunza stoo, mzee mmoja, alituhumiwa kwa upungufu wa mzigo. Kijana wa HR, mchapakazi kwelikweli, alikuwa ameandaa kila kitu: fomu ya mahudhurio, maji ya chupa, kalamu. Mzee aliingia na kadi za stoo amezifunga kwa raba. Akawa anazitoa moja moja, akionyesha kwamba mzigo uliotoka usiku ulisainiwa na mtu wa zamu nyingine. Alipoomba kadi moja itolewe kopi, kijana akainua faili kuipokea, na chini ya faili kulikuwa na barua. YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA. Imesainiwa, imegongwa muhuri. Mzee aliisoma ikiwa imemgeukia kichwa chini, kutoka upande wake wa meza. Akazikusanya kadi zake, akazifunga tena raba, akauliza, "Sasa mwanangu, najitetea kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Shahidi wake, dereva wa foklifti, alikuwa nje anasubiri kuitwa, wakaondoka pamoja. Kabla ya saa kumi habari ilishafika getini. Tangu siku hiyo mzigo ukipungua stoo hakuna anayetoa taarifa mapema. Ukimwita mtu kwa mazungumzo ya kawaida, anakuja na shahidi. Menejimenti ikaleta mkufunzi wa utamaduni wa kampuni, maadili yakabandikwa ukutani, na mkufunzi aliuliza maswali ukumbi mzima ukakaa kimya. Watu walikuwa wameshaona uamuzi unavyofanyika pale, na bango haliwezi kufuta walichokiona.

Yule kijana hakuwa na roho mbaya. Meneja alimwambia, "Nataka hili liishe leo," naye akashindwa kumkatalia. Hapo ndipo mnapotakiwa kuwa imara. Mfuate bosi ofisini kwake, peke yenu, umwambie kwa heshima: "Bosi, kikao hakijakaa, barua siwezi kuiandaa." Halafu mpe njia. Kama tuhuma ni nzito na anahofia ushahidi kuvurugwa, kanuni hizo hizo zinaruhusu kumsimamisha mtu kwa mshahara kamili uchunguzi ukiendelea. Wengi wanakubali wakipewa njia. Wanachotaka hasa ni kuona jambo limeshikwa na mtu anayejua anachofanya.

2. Likizo za siku 28 zipangeni mwanzoni mwa mwaka, msingoje watu wagombanie Desemba.

3. Makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) yakikatwa, yapelekwe. Mfanyakazi akikuta mwezi umerukwa, hatakuamini hata ukimwambia leo ni Jumatatu.

4. Kipindi cha majaribio si mtego. Ni kweli mwenye chini ya miezi sita hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki, lakini msikae kimya miezi mitano kisha mwezi wa sita mkatoa barua. Kaeni na mgeni kila mwezi, mwambieni wazi anapopungukiwa, muandike, asaini. Nimemwona dada mmoja wa mapokezi aliyekuwa ukingoni kuondolewa. Kumbe hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuhamisha simu. Alifundishwa mchana mmoja, na baadaye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine.

Faili litakalofuata nataka kulikuta na orodha ya mashahidi wa mtuhumiwa, si wa kampuni peke yao, na jina la mwenyekiti ambaye hajawahi kuligusa jambo hilo. Mkikwama kumpata, nipigieni kabla ya kutoa wito.