Barua Pepe Iliyofunguliwa na Fundi Simu

Kwa takribani miezi miwili simu yangu ilikuwa ikilia kati ya saa nane na saa kumi za usiku, na kila mara ujumbe ulikuwa uleule: tarakimu sita za uthibitisho ambazo sikuziomba, pamoja na onyo kwamba nisimpe mtu yeyote. Ninauza dagaa kwa jumla kutoka mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza, na wateja wangu wengi wa Dar es Salaam na Dodoma hunipata kupitia ukurasa wa mtandaoni nilioujenga kwa miaka saba. Kwa hiyo anayeuteka ukurasa ule anaweza kupokea malipo ya awali ya magunia kwa jina langu na kuniachia madeni na lawama. Nilikosa usingizi hata siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na sisi wachuuzi hupata nafasi ya kulala.

Nilichofanya mwanzoni kilikuwa kazi bure. Kila nilipoamka nilibadilisha neno la siri, na kwa kuwa mtu hawezi kubuni neno jipya kila asubuhi, niliongeza tu namba mwishoni mwa neno lilelile, kisha nukta, kisha alama ya mshangao. Mpwa wangu anayesoma chuo huko Malimbe aliniangalia nikifanya hivyo, akaniambia, "Mjomba, aliyelijua la jana atalibahatisha na la leo." Baadaye nilisoma kwamba hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 iliacha kuelekeza watu wabadilishe maneno ya siri kila baada ya muda fulani, isipokuwa pale panapokuwa na dalili kwamba limevuja, kwa sababu watu wanaolazimishwa kubadilisha hufanya hasa kile nilichokuwa nikikifanya mimi.

Jambo la kwanza ninalomshauri mtu anayepokea jumbe za namna hii ni kuzisoma vizuri kabla ya kuhangaika, kwa kuwa haziko za aina moja. Ujumbe unaosema kwamba hizi ni namba za kubadilisha neno la siri maana yake ni kwamba mtu ameandika namba yako ya simu au jina lako na kubonyeza palipoandikwa kuwa amesahau. Hajui lolote zaidi ya hapo. Lakini kama umekwisha kuweka uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya neno la siri unadaiwa pia namba za muda, na ujumbe unasema hizi ni namba za kuingia, basi kwa kawaida mtu huyo ameandika neno lako sahihi la siri na amezuiwa na hatua ya pili tu. Hapo ndipo pa kulibadilisha, tena papo hapo, na si kwa kuongeza nukta.

Zangu zilianza na aina ya kwanza, kisha nilipoweka hatua mbili zikawa za aina ya pili, na hilo lilinishtua kuliko yote. Niliandika anwani yangu ya barua pepe katika tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mtaalamu wa Australia, Troy Hunt, ambayo humwonyesha mtu kama anwani yake imo katika taarifa zilizovuja zinazojulikana. Ilikuwamo. Miaka mingi iliyopita nilijiandikisha katika tovuti moja ya kutafuta kazi, nikatumia neno lilelile la siri ninalolitumia kila mahali, na tovuti hiyo ikaibiwa. Hakukuwa na adui aliyenilenga mimi muuza dagaa. Wezi wa namna hii hukabidhi orodha ya majina na maneno ya siri kwa programu, nayo huyajaribu katika mitandao mingine bila kuchoka.

Hata hivyo, tatizo kubwa halikuwa katika ukurasa wa biashara kabisa. Ukurasa unalindwa na barua pepe, maana anayeishika barua pepe huomba neno jipya la siri na kulipokea yeye. Sasa barua pepe yangu nani aliifungua? Niliponunua simu yangu ya kwanza ya kisasa, fundi mmoja katikati ya mji alinitengenezea kila kitu kwa dakika kumi, na mimi nikamshukuru na kumlipa. Tulipofungua mipangilio ya usalama na mpwa wangu, tulikuta namba ya simu ya kurejeshea akaunti si yangu, anwani ya akiba siijui, na katika orodha ya vifaa vilivyoingia kulikuwa na simu ambayo sijawahi kuimiliki. Simtuhumu fundi, kwani huenda aliweka namba yake ili amalize haraka ahudumie mwingine, lakini kwa miaka yote hiyo ufunguo wa nyumba yangu ulikuwa kwake, au kwa yeyote aliyepewa laini ile baada yake, kwa kuwa laini iliyoachwa muda mrefu hufungwa na baadaye huweza kuuzwa kwa mtu mwingine.

Tulianzia hapo basi: tukaondoa namba na anwani ngeni, tukaviondoa katika akaunti vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, tukakagua kama kuna kanuni inayopeleka nakala za barua zangu kwingine, ndipo tukaweka neno jipya la siri. Ni maneno matano yasiyohusiana, baadhi ya Kisukuma na baadhi ya Kiswahili, marefu kuliko jina la boti yoyote pale mwaloni. Mtu akibadilisha neno la siri bila kwanza kusafisha hayo mengine, mwizi atalibadilisha tena kabla ya magharibi.

Kwa hatua ya pili niliacha kutegemea ujumbe wa simu, nikaweka programu inayotoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30. Programu hiyo haihitaji mtandao, na nimeitumia nikiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, siku ambayo ujumbe wa kawaida ulikuwa haufiki. Nilipewa pia namba za akiba za kutumia siku simu itakapopotea. Nilitaka kuzituma kwa WhatsApp steshenari ili zichapwe, mpwa wangu akacheka mpaka akakaa chini. Nilizinakili kwa kalamu, na karatasi ipo pamoja na hati ya kiwanja.

Laini yenyewe nayo nimeiwekea namba ya siri, na kwa kubonyeza *106# nikahakiki ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA.

Wiki hizohizo alinipigia dada mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, akaniomba nimsomee namba zilizoingia "ili tuwazuie wezi." Nilikuwa nimekwisha kusoma tarakimu mbili ndipo nikanyamaza. Sioni aibu kulisema hili, kwani mwaka 2022 kampuni ya Uber iliingiliwa baada ya mdukuzi kumtumia mfanyakazi wa mkataba maombi ya kuidhinisha kuingia, mfululizo, mpaka akakubali moja. Uchovu ndio wanaoutafuta.

Jumbe zimepungua, ingawa juma lililopita ziliingia tatu. Kilichobaki ni ukurasa kuwa na msimamizi wa pili, ili nikifungiwa mimi awepo wa kuingia. Nimempendekeza mke wangu, ila tumeahirisha kwanza, kwa sababu juzi tumegundua kwamba barua pepe yake ilifunguliwa na fundi yuleyule.