Fundi anataka kukata kenchi, nimpe kazi?

SWALI: Nyumba yangu iko Pasua, Moshi, ina vyumba viwili na watoto wangu watatu wamekua. Paa limeinuliwa sana, katikati mtu mzima anasimama bila kuinama, kwa hiyo nataka watoto wapate chumba huko juu. Fundi wa kwanza anasema atatoa zile mbao za katikati ya kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazobeba bati, apige mbao chini, aweke ngazi. Wiki mbili kazi imeisha. Anataka nusu ya hela kabla. Wa pili ni ghali, na hagusi kitu mpaka mhandisi apande kuona. Nimchukue yupi?
Mama wa watatu, Pasua

JIBU: Mama, huyo wa kwanza usimpe hata senti. Hilo la kudai nusu mafundi wengi wanalo, linazungumzika. La kutoa mbao za katikati halizungumziki kabisa.

Panda na tochi uzitazame. Zile za mshazari ndizo zinazofunga mbao ya juu na ya chini, kenchi ikawa kitu kimoja. Zikikatwa, ya chini inabonyea, za juu zinaanza kusukuma kuta kwenda nje, na bati lote liko juu ya vichwa vyenu. Vile vipande vya mbili kwa mbili navyo viliwekwa kushika singibodi tu. Kitanda na watoto watatu wanaorukaruka haviwezi. Chumba cha juu kinataka mbao zake za sakafu, zilale juu ya kuta zenye msingi au juu ya bimu, na kenchi zipangwe upya kwa hesabu. Hesabu hiyo aifanye mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, namba yake uione. Michoro yake ndiyo utakayoombea kibali Manispaa.

Kwa hiyo mimi naegemea kwa wa pili, lakini naye mpime. Akupeleke kwenye nyumba aliyoipaua ikapigwa na masika nzima. Ukifika, ongea na mwenye nyumba, fundi akae nje. Muulize kama maji yaliingia, halafu muulize: alipoitwa kurekebisha, alikuja? Jibu la hilo la pili nalithamini kuliko picha zote za kwenye simu yake.

Mkiandikiana, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Vifaa nunua mwenyewe, mbao ziwe kavu na zenye dawa, hela ya ufundi itoke kwa hatua. Paa msilifungue kati ya Machi na Mei. Ngojeni Juni, baridi itakuwepo lakini mvua imepungua.

Na ngazi iwe ya kudumu, yenye mahali pa kushika pande zote mbili. Itashukwa na watoto usiku, umeme umekatika.